Kusoma nje kwa mara ya kwanza: milango minne, funguo nne

Kila msimu wa majibu ya vyuo husikika sentensi moja: "Nimepata chuo nje." Pongezi humiminika, na wengine huanza kuulizia siku ya safari. Miezi mitatu baadaye mwanafunzi yule yule bado yuko nyumbani, na watu wameanza kunong'ona. Barua anayo, alama anazo, mbona haondoki?

Mara nyingi hakudanganya wala hakuzembea. Alifunguliwa geti la nje akadhani ameshaingia sebuleni. Safari ya kusoma nje ina milango minne, na kila mlango una mwenye ufunguo wake asiyepokea amri kutoka kwa mwenzake. Chuo hutoa udahili. Mzazi, mfadhili au mkopo hutoa pesa. Ubalozi au idara ya uhamiaji hutoa viza. Kisha yuko afisa wa mpakani, yule anayekaa nyuma ya kioo pale uwanja wa ndege, ambaye ndiye hasa anayekuruhusu kuingia. Kila mmoja ana swali lake, na jibu linalomridhisha mmoja linaweza lisimwambie mwingine chochote. Wengi ninaowaona wamekwama hawakukosa majibu. Walipeleka jibu zuri kwenye mlango usio wake.

Tuanze na maneno yenyewe

Udahili ni kauli ya chuo kwamba kiko tayari kukufundisha. Basi. Chuo hakina mamlaka ya kukuingiza nchini, hata kiwe na jina kubwa kiasi gani. Tena udahili uko wa aina mbili. Kuna usio na masharti, na kuna wenye masharti, yaani chuo kitakupokea ukileta matokeo ya mwisho, au cheti cha lugha, au ukilipa sehemu ya ada kabla ya tarehe fulani. Barua zote mbili huanza kwa maneno matamu ya hongera. Isome mpaka mstari wa mwisho, kwa sababu masharti hukaa chini.

Viza ni ruhusa ya kusafiri mpaka mlangoni mwa nchi na kuomba kuingia. Kibali cha ukaazi, au kibali cha masomo, ni ruhusa ya kuishi humo baada ya kuingia. Ziko nchi ambako vitu hivi huja pamoja, na ziko zinazovitenganisha. Kanada hutoa kibali cha masomo kama waraka mmoja na viza ya kuingilia kama waraka mwingine. Nchi kadhaa za Ulaya hukupa kwanza viza ya kuingia, kisha hukutaka uombe kibali cha ukaazi ukishafika. Anayeijua tofauti hii hashtuki akiona viza yake ina miezi michache ilhali shahada ni ya miaka mitatu.

Kati ya chuo na ubalozi kuna kitu cha tatu, uthibitisho wa chuo unaotakiwa kwenye ombi la viza, ambacho wengi hawajakisikia mpaka siku wanapoulizwa. Marekani ni fomu iitwayo I-20. Uingereza ni CAS, ambayo kwa kweli ni namba ya kumbukumbu inayotumika mara moja tu. Australia ni CoE. Chuo ndicho kinachotoa kitu hiki, lakini kwa kawaida hakikitoi siku ile ile ya udahili. Husubiri kijiridhishe kuhusu pesa zako, au kipokee malipo ya awali. Fikiria sherehe ambayo mwenye shughuli amekuambia kwa mdomo wake, "Karibu sana," halafu mlangoni mlinzi anataka kadi. Udahili ni lile neno la karibu. I-20, CAS na CoE ndizo kadi.

Mlango wa chuo

Chuo kinataka kujua jambo moja: utayamudu masomo haya? Kila unachokipeleka kiwe jibu la swali hilo. Barua ya kujieleza inayosimulia jinsi ulivyotamani kuiona dunia tangu utotoni hailijibu. Ile inayoeleza umesoma nini, ni tatizo gani katika taaluma yako linalokunyima usingizi, na kwa nini kozi ile ya chuo kile inaligusa tatizo hilo, inalijibu. Ukiweza kubadilisha jina la chuo katika barua yako na barua isiharibike, ujue bado hujaiandika.

Kuhusu alama, kosa linalorudiwa sana ni mtu kujitafsiria mwenyewe. Kila mfumo una kipimo chake, na vingine vinakwenda kinyume kabisa na unavyofikiri. Ujerumani 1.0 ndiyo alama ya juu kabisa, na 5.0 ni kufeli. Ufaransa hupima kwa 20, na mwenye 16 amefanya vizuri sana. Marekani hutumia wastani ambao kwa kawaida unaishia 4.0. Peleka transkripti yako, yaani orodha rasmi ya alama zako, kama ilivyo, pamoja na maelezo ya mfumo wa alama ambayo mara nyingi huchapwa nyuma ya karatasi. Vyuo vina watu ambao kazi yao ni kuzisoma, na hesabu yako ya pembeni inaweza kukupunja au kukufanya uonekane unadanganya.

Cheti cha lugha nacho kina utata wake. IELTS, mtihani wa kimataifa wa Kiingereza, hutoa alama kuanzia 0 mpaka 9, na haina kufaulu wala kufeli. Chuo ndicho kinachoamua alama ipi inakitosha. Mtego uko hapa: chuo kinaweza kutaka 6.5 kwa jumla na pia kisitake chini ya 6.0 katika kipengele chochote kati ya kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza. Mtu anapata 7 ya jumla, anafurahi, kumbe kuandika amepata 5.5 na ombi linarudi. Kwa hiyo kabla ya kulipia mtihani, jipime kila kipengele peke yake, na muda wa kujiandaa uutumie pale unapochechemea. Matokeo ya IELTS na ya TOEFL, mtihani mwingine wa Kiingereza, huhesabika kuwa hai kwa miaka 2, hivyo kuuwahi mno mtihani nako kuna hasara yake.

"Nimesoma kwa Kiingereza tangu sekondari, sihitaji mtihani." Vyuo vingine hukubali hoja hii na vingine huikataa. Uliza, na jibu ulipate kwa maandishi. Hata ukisamehewa na chuo, hakikisha uhamiaji wa nchi ile nao umeridhika, maana huo ni mlango mwingine.

Kisha kuna vyeti vyako. Nakala iliyogongwa muhuri na wakili haitoshi kila mahali. Nchi nyingi hutumia apostili, cheti kidogo kinachobandikwa kwenye waraka kuthibitisha kwamba sahihi na muhuri vilivyomo ni vya kweli, chini ya Mkataba wa Hague wa tarehe 5 Oktoba 1961 wenye wanachama zaidi ya 120. Nchi yako ikiwa haimo, njia ni ndefu zaidi: waraka hupita wizara ya mambo ya nje, kisha ubalozi wa nchi unayokwenda. Zingatia kwamba apostili haisemi chochote kuhusu ubora wa shahada yako. Inasema tu kwamba sahihi na muhuri si vya kughushi.

Pesa, na maswali ambayo hakuna anayekuambia uyaulize

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndoto nyingi huzimikia hapa, na huzima kwa mambo yaliyoweza kujulikana mapema.

Neno "ufadhili kamili" hutumika ovyo. Taasisi moja ikisema kamili, inamaanisha ada, chakula, malazi, nauli na bima. Nyingine ikisema asilimia 100, inamaanisha ada peke yake, na ada peke yake ni kama kulipiwa basi bila kuwa na pa kulala ufikapo. Ukipata barua ya ufadhili, chukua kalamu uulize kitu kimoja kimoja: ada, posho ya kujikimu, nauli, bima ya afya, ada ya viza. Halafu uliza ni kwa miaka mingapi, na ni alama gani zitakazokufanya uupoteze. Kuna waliofadhiliwa mwaka wa kwanza wakadhani wamefadhiliwa shahada nzima.

Fadhili kubwa zinazojulikana zina tabia yake. Chevening, ya serikali ya Uingereza, hulenga shahada ya uzamili ya mwaka mmoja na hudai uzoefu wa kazi wa saa 2,800, ambao ni karibu miaka 2. Fulbright ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1946, huangalia pia mchango utakaoupeleka nchini kwako baada ya masomo. DAAD ya Ujerumani na Erasmus Mundus ya Umoja wa Ulaya nazo zina vigezo vyake. Jambo moja linazifananisha: dirisha la kuomba hufunguliwa karibu mwaka mzima kabla ya masomo kuanza. Anayeanza kutafuta ufadhili baada ya kupata udahili mara nyingi amechelewa tayari. Mlango wa pesa hubishwa hodi sambamba na ule wa chuo, wakati mwingine kabla yake.

Imani nyingine iliyoenea ni kwamba Ulaya kusoma ni bure. Ilikuwa karibu na ukweli zamani, na habari zimechelewa kuwafikia watu. Denmark ilianza kuwatoza ada wanafunzi wanaotoka nje ya Ulaya mwaka 2006, Sweden 2011, Finland 2017 na Norway 2023. Ujerumani bado vyuo vingi vya umma havitozi ada ya masomo, ila jimbo la Baden-Württemberg limekuwa likitoza euro 1,500 kwa muhula tangu 2017. Hata pale ambapo ada haipo, maisha yana bei. Ndiyo maana Ujerumani huwataka wanafunzi wengi kutoka nje ya Ulaya waweke pesa ya mwaka mzima katika akaunti maalumu, Sperrkonto kwa lugha yao. Kiwango kilichowekwa mwaka 2024 ni euro 11,904. Watu husikia kiasi hicho wakadhani ni ada inayopotea. Sivyo. Ni pesa yako mwenyewe, unayorudishiwa euro 992 kila mwezi ukishafika, kama mzazi anayekukatia posho kidogo kidogo ili usije ukalala njaa mwezi wa nne. Lakini lazima uwe nayo yote kabla ya kuomba viza, na hapo ndipo penye mzigo.

Uingereza ina utaratibu wake. Kama unategemea akiba, kiasi kinachotakiwa kiwe kimekaa kwenye akaunti siku 28 mfululizo bila kupungua hata siku moja, na siku ya mwisho ya hizo 28 iwe ndani ya siku 31 kabla ya kuwasilisha ombi. Mtu akichomoa kidogo siku ya 20 kulipia kitu cha dharura, akakirudisha kesho yake, hesabu imevunjika. Hapa pia ndipo ile njia ya kuazima pesa za watu kwa siku mbili, kuchapisha taarifa ya benki na kuzirudisha inapofia.

Nchi nyingine hazina hesabu ya siku, lakini maafisa wake husoma taarifa ya benki kama wasomavyo hadithi. Akaunti iliyokuwa na pesa za kubangaiza mwaka mzima, kisha ikaingiziwa fungu kubwa wiki moja kabla ya ombi, inauliza swali lenyewe: zimetoka wapi? Ikiwa mjomba aliuza kiwanja, weka mkataba wa mauzo na barua ya mjomba. Ikiwa ni kiinua mgongo cha mama, weka barua ya mwajiri wake. Wingi wa pesa hautoshi kama asili yake haionekani.

Halafu kuna gharama zinazotangulia ada na ambazo hakuna aliyekutajia. Kabla ya mahojiano ya viza ya Marekani unalipa dola 350 za mfumo wa kuwasajili wanafunzi wa kigeni, mbali na ada ya viza yenyewe. Uingereza hutoza mwanafunzi pauni 776 za huduma ya afya kwa kila mwaka, na hulipwa zote mara moja kwa miaka yote ya viza. Ongeza mtihani wa lugha, kutafsiri nyaraka, kipimo cha kifua kikuu kwa nchi zinazohusika, amana ya chumba, tiketi. Nimeshaona familia iliyoikusanya ada kwa jasho la miaka ikashindwa kwenye hivi vidogo, kwa sababu vyote vilikuja mwezi mmoja. Andika orodha yake mapema, na kila kimoja ukiwekee mwezi wake wa kulipwa.

"Nikifika nitafanya kazi nijilipie"

Sentensi hii inahitaji kuangaliwa kwa upole, kwa sababu wanaoisema si wavivu. Ni watu walio tayari kujituma. Tatizo ni kwamba sheria imeweka kikomo. Uingereza, mwanafunzi wa shahada kwa kawaida anaruhusiwa saa 20 kwa wiki wakati wa muhula. Australia ni saa 48 kwa kila wiki 2. Kanada iliweka saa 24 kwa wiki nje ya chuo mwishoni mwa 2024. Ujerumani huhesabu siku, 140 nzima kwa mwaka tangu 2024. Marekani ndiyo iliyobana zaidi: saa 20 kwa wiki, ndani ya chuo tu, na mwaka wa kwanza kazi za nje kwa kawaida haziruhusiwi.

Saa hizo zinaweza kukusaidia chakula na nauli. Ada ya mwanafunzi wa kigeni haziifikii. Na anayevuka kikomo hachezi na mshahara tu, anachezea viza yenyewe. Zaidi ya hayo, kama nguzo ya mpango wako wa kulipa ni kazi ambayo bado hujaipata, afisa wa viza haihesabu kabisa. Anahesabu ulichonacho leo.

Mlango wa ubalozi

Ubalozi hauulizi kama una akili. Hilo chuo kimeshalijibu. Swali lake ni hili: huyu ni mwanafunzi kweli, gharama zake zimelipiwa, na atayafuata masharti? Mwanafunzi mwenye alama za juu hushangaa akinyimwa viza, na huona ametukanwa. Hakutukanwa. Alipeleka alama kwa mtu aliyekuwa akiuliza habari nyingine.

Marekani sheria yenyewe, kifungu cha 214(b), humtaka afisa amchukulie mwombaji wa viza ya namna hii kuwa anataka kuhamia moja kwa moja, mpaka mwombaji amshawishi vinginevyo. Yaani mzigo wa kueleza uko kwako tangu unapokaribia dirisha, na mahojiano huwa ya dakika chache. Australia ilibadilisha kipimo chake Machi 2024, sasa hukitazama zaidi kigezo cha kuwa mwanafunzi wa kweli. Kwa vyovyote, maswali hufanana: kwa nini kozi hii, kwa nini chuo hiki, nani analipa, utafanya nini ukimaliza?

Usikariri majibu. Majibu ya kukariri hujulikana kwa kasi yake na kwa ulaini wake, na swali dogo la pembeni huyaangusha. Fahamu mambo yako: somo lipi unalitarajia muhula wa kwanza, mlipaji anafanya kazi gani, kozi ina miezi mingapi. Kama unabadilisha fani, mathalani una diploma ya uhasibu na sasa unakwenda kusomea upishi, usingoje kuulizwa. Eleza kilichokufikisha hapo, maana huo ni mpindo wa njia na yeyote angeutilia shaka. Na hakikisha kinywa na fomu vinasema kitu kimoja. Wengi huangushwa na fomu iliyojazwa na mtu mwingine ambayo wao wenyewe hawakuisoma.

Kunyimwa viza si kosa la jinai na si mwisho. Unaweza kuomba tena ukiwa umerekebisha kilichopungua. Kilicho hatari ni kuficha. Fomu nyingi huuliza kama umewahi kunyimwa viza popote, na anayejibu hapana ilhali aliwahi, amejifungia mwenyewe. Uingereza, udanganyifu katika ombi unaweza kukuzuia kwa miaka 10.

Kuhusu mawakala. Wapo waaminifu, na baadhi ya vyuo hufanya nao kazi rasmi. Lakini wengi hulipwa kamisheni na chuo kwa kila mwanafunzi anayejisajili, kwa hiyo huenda akakupeleka kwenye chuo kinachomlipa kuliko kinachokufaa. Muulize bila haya: "Wewe unalipwa na nani?" Hakuna wakala mwenye ufunguo wa ubalozi, hata akikuonyesha picha za waliofanikiwa. Akitaka kubaki na vyeti vyako halisi, akitaka pesa iingie akaunti ya mtu binafsi, au akisema taarifa ya benki "tutakutengenezea," ondoka. Kesi ikilipuka, jina lililo kwenye fomu ni lako. Anwani ya barua pepe inayotumika kwenye maombi iwe yako pia, na nywila uijue wewe.

Safari yenyewe

Mzigo usikuchoshe akili, nguo zinauzwa kila mahali. Angalia vitu vichache ambavyo haviuziki. Pasipoti iwe na uhai wa kutosha, na nchi nyingi hutaka angalau miezi 6. Angalia ndege inapitia wapi, kwa sababu baadhi ya nchi hudai viza ya kupita hata kama hutoki nje ya uwanja, na watu wamezuiwa kupanda ndege wakiwa na viza safi ya kule waendako. Dawa unazotumia zibebe kwenye vifungashio vyake pamoja na barua ya daktari, na uulize kwanza kama zinaruhusiwa: Japani, kwa mfano, hairuhusu dawa za amfetamini hata uwe na cheti cha daktari. Ukibeba fedha taslimu zinazozidi dola 10,000 kuingia Marekani, au zinazofikia euro 10,000 kuingia Umoja wa Ulaya, unapaswa kuzitangaza. Si marufuku kuwa nazo. Kutozitangaza ndiko kosa.

Nyaraka zote ziwe begi la mkononi, kamwe zisiwe kwenye sanduku linalokwenda chini ya ndege. Mlango wa nne uko mbele yako, na afisa wake anataka kuhakikisha kwamba wewe ndiye yule aliyeomba na kwamba bado unakwenda kufanya ulichosema. Barua ya chuo, uthibitisho wa pesa, anwani utakapofikia, viwe karibu na mkono. Tarehe nazo zina maana: mwenye F-1, viza ya mwanafunzi ya Marekani, haruhusiwi kuingia zaidi ya siku 30 kabla ya programu kuanza, hata kama tiketi ya mapema ilikuwa rahisi.

Baada ya kufika

Wiki mbili za kwanza ni za ofisi. Chuo kinataka ujisajili, mji unaweza kutaka ujiandikishe, benki inataka anwani, mwenye nyumba anataka akaunti ya benki. Mzunguko huu huwachosha watu mpaka machozi. Ofisi ya wanafunzi wa kigeni ipo kwa ajili yake, nenda siku ya kwanza. Malazi ya muda ya wiki mbili au tatu yaliyopangwa kabla ya safari hukupa nafasi ya kutafuta chumba ukikiona kwa macho, badala ya kutuma amana kwa mtu uliyemwona kwenye picha.

Darasani kuna mshangao ambao haumo katika barua yoyote. Katika mfumo wa krediti wa Ulaya, mwaka mmoja ni krediti 60, na kila krediti ni saa 25 mpaka 30 za kazi. Somo la krediti 6 basi ni saa 150 au zaidi, ingawa ratiba inaonyesha saa chache tu kwa wiki. Zilizobaki ni zako, pamoja na vitabu. Ratiba nyeupe si likizo.

Kubwa kuliko yote ni wizi wa maandishi. Mahali pengi tumefundishwa kwamba kurudia maneno ya kitabu kama yalivyo ni dalili ya kuelewa na ya kumheshimu mwandishi. Vyuo vingi huko vinaliona tendo lile lile kama udanganyifu ukichukua maneno au wazo bila kutaja ulikotoa, na adhabu inaweza kufika kufukuzwa, na ukifukuzwa viza nayo huanguka. Mwanafunzi anayeanguka hapa mara nyingi hakukusudia kuiba. Jifunze kunukuu kabla hujaandika insha ya kwanza. Vyuo vingi vina watu wanaofundisha hilo bure, na hakuna aibu kwenda.

Mwezi wa pili au wa tatu, furaha ya mwanzo ikishakwisha, huja uzito. Mwanaanthropolojia Kalervo Oberg aliuandika mwaka 1960: kwanza mgeni hupendezwa na kila kitu, kisha huchoshwa na kila kitu, kisha taratibu hupata mkondo wake. Anayejua kwamba uzito huu una msimu hajidhanii mgonjwa wala mnyonge. Usipopita, usingizi ukikataa na hamu ya kula ikaondoka kwa wiki kadhaa, mwone mshauri wa chuo. Huduma hiyo kwa kawaida imo ndani ya ulichokwisha lipia.

Jambo la mwisho hufanyika kabla ya kuondoka, na hakuna fomu yake. Kaeni na wanaobaki. Kwao, aliye nje ana pesa, na simu ya kwanza ya kuombwa msaada inaweza kuingia kabla posho ya kwanza haijaingia. Waonyesheni hesabu mezani: posho ni kiasi hiki, chumba kinachukua kiasi hiki, saa za kazi zinazoruhusiwa ni hizi. Mkubaliane siku ya kupigiana simu inayolingana na tofauti ya saa, nani apigiwe kwanza kukiwa na msiba, na kama nauli ya kurudi ghafla ipo au haipo. Mazungumzo hayo ni magumu na mzazi anaweza kunyamaza kimya kirefu. Yafanyeni hata hivyo, mkiwa bado mmekaa chumba kimoja.